Vampaya Ana Masharti, Mumiani Hana

Mpwa wangu ana miaka 16 na ana msimamo mkali juu ya vampaya, wale wafu wa filamuni wanaonyonya damu. Mambo mengine ya dunia hii, kama mitihani, zamu ya kuosha vyombo au chaji ya simu ya mama yake anayoimaliza yeye, anayachukulia kwa upole mkubwa. Vampaya, hapana. Hapo hana mzaha.

Juzi tulikuwa tunaangalia Sinners, filamu ya Ryan Coogler ya mwaka 2025. Mambo yanatokea Mississippi mwaka 1932, kwenye ukumbi wa muziki ambao ndugu wawili mapacha wameufungua ndani ya jengo lililokuwa la kupasulia mbao. Mlangoni kuna baunsa mmoja mnene anaitwa Cornbread. Usiku umeshakolea, Cornbread anatoka nje mara moja kwa haja zake, na anaporudi anasimama mlangoni, anatabasamu, anaomba aambiwe aingie. Yeye ndiye mlinda mlango! Tangu jioni anaingia na kutoka. Mwanamke mmoja aliye ndani, Annie, anaanza kumtazama vibaya.

Mpwa wangu akaruka kutoka kwenye mkeka. "Kashaumwa huyo! Anko, umeona? Hawezi kuingia mpaka aambiwe karibu."

"Nani kasema?"

"Ndo masharti yao."

"Masharti ya nani? Kayaweka nani?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha. "Anko, kila mtu anajua."

Ubishi ulianzia hapo, umeendelea kwa wiki tatu, na bado haujaisha. Neno alilotumia, masharti, nililipenda. Ndilo tunalotumia kwa mganga: usile pweza siku saba, usipeane mkono na mtu kabla jua halijatoka, usigeuke nyuma. Tofauti ni kwamba mganga anakupa masharti wewe mteja. Hadithi ya vampaya inampa masharti yule anayekuja kukuumiza. Tofauti hiyo nitairudia, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Hili la kukaribishwa, sisi tuliolelewa kwa hodi wala hatuhitaji kufafanuliwa. Unapiga hodi mara tatu, ukikosa jibu unarudi ulikotoka, na mwenye adabu hachungulii dirishani. Kwa macho ya mtu wa pwani, vampaya anayesimama nje akingoja neno "karibu" amelelewa vizuri kuliko baadhi ya jirani zangu. Huko Ulaya sharti hili lina umri wake. Kwenye shairi la Mwingereza Coleridge liitwalo Christabel, lililochapishwa mwaka 1816, mwanamke wa ajabu aitwaye Geraldine anafika mlangoni mwa ngome usiku akaishiwa nguvu kizingitini, mpaka msichana mwenyeji ambebe kumvusha. Neno vampaya halimo kabisa katika shairi hilo, lakini msomaji anasikia baridi mgongoni. Bram Stoker, katika Dracula ya mwaka 1897, alilisema waziwazi kupitia mdomo wa Van Helsing, daktari anayemwinda vampaya huyo: mara ya kwanza hawezi kuingia nyumba yoyote mpaka mtu wa nyumba hiyo amkaribishe, na baada ya hapo anakuja atakavyo. Karibu moja inatosha mpaka kufa kwako.

Baada ya Stoker waandishi wengi waliligusa sharti hilo, kila mmoja kwa namna yake, kama wapangaji wanaopeana nyumba na kila mmoja anapaka rangi yake. Mswidi John Ajvide Lindqvist, katika riwaya yake ya mwaka 2004, aliuliza swali ambalo wengine walilipita: hivi akiingia bila kukaribishwa, kinatokea nini hasa? Akamfanya yule mtoto wake mnyonya damu aingie kwa makusudi, na damu ikaanza kumtoka mwilini. Ukiitazama filamu yake ya mwaka 2008 utaelewa kwa nini mpwa wangu hakula siku ile. Kwenye tamthilia ya True Blood mwenye nyumba anaweza kuifuta karibu yake, na vampaya anavutwa kinyumenyume mpaka nje ya mlango. (Ningekuwa na uwezo huo kwa wageni wa sikukuu, ningeutumia.) Na kwenye vichekesho vya What We Do in the Shadows, vya mwaka 2014, vampaya wa mjini Wellington, New Zealand, wanavaa wakapendeza, wanafika klabu, halafu wanakwama nje wakimbembeleza baunsa atamke tu kwamba waingie.

Maana yake kila msimulizi analazimika kujibu: nyumba ni nini? Ukumbi wa muziki ni nyumba? Kwenye Sinners jibu ni ndiyo, na nguvu ya filamu iko hapo. Watu wale hawana mahali pengine popote ambapo neno lao ni la mwisho. Usiku huo mmoja wana mlango wao, na hata shetani hawezi kuupita bila idhini yao.

Mimi vampaya wangu wa kwanza alikuwa Mchina, na alikuwa anaruka.

Ilikuwa Ngamiani, Tanga, miaka ya tisini, kwenye kibanda cha video cha mabati chenye mabenchi yaliyotuchana kaptula, TV ya chogo juu ya kabati, deki chini yake, na kaka mmoja mwenye maikrofoni aliyekuwa akitafsiri. Nasema kutafsiri kwa heshima tu. Kichina hakujua hata neno moja, na kiumbe yule alimwita "jini maiti", jina ambalo mpaka leo naona ni zuri kuliko yote niliyoyasikia baadaye. Wachina wenyewe wanamwita jiangshi. Amevaa joho na kofia za maofisa wa utawala wa Qing, mikono ameinyoosha mbele, na anaruka kwa miguu yote miwili pamoja kwa sababu maiti imekauka, magoti hayakunjiki. Huko mkoani Hunan kuna masimulizi ya zamani ya watu waliokuwa wakisafirisha wafu waliofia mbali na kwao, na inasemekana maiti zilifungwa kati ya fito mbili za mianzi, wabebaji wakienda usiku, kiasi kwamba aliyeziona kwa mbali aliapa zinarukaruka njiani.

Jini maiti hana habari na kitunguu saumu. Masharti yake ni mengine kabisa. Anakutafuta kwa pumzi yako, kwa hiyo ukibana pumzi anakupita puani kama hakuoni. Ukimbandika karatasi ya manjano yenye maandishi ya dawa kwenye paji la uso, anasimama kama gari lililoishiwa mafuta. Sumu yake inavutwa na mchele wa kunata, na lazima uwe wa kunata. Filamu iliyoleta wimbi lile ilitoka Hong Kong mwaka 1985, na ndani yake kuna muuza mchele anayechanganya mchele wa kunata na mchele wa kawaida ili apate faida, mgonjwa akazidiwa. Kibanda kizima kilipiga kelele. Wachanganyaji wa mchele tulikuwa tunawafahamu hata duka lao liko barabara ya ngapi.

Kwa mwezi mzima tulipita makaburini tumebana pumzi, macho yametutoka, na mmoja wetu siku moja nusura aanguke. Hakuna aliyeuliza kuhusu jua wala msalaba. Tulikuwa na masharti yetu, yalitutosha.

Sasa jua. Hapa ndipo mimi na mpwa wangu tuligombana hasa.

Yeye anaamini kwamba vampaya halisi huungua juani. Hilo halina mjadala. Anayetembea mchana si vampaya. Nikamwambia akasome Dracula, maana kitabu hicho hakina hakimiliki tena na kiko bure mtandaoni. Humo Count Dracula anaonekana London mchana, eneo la Piccadilly, anamkodolea macho msichana mrembo aliyekaa kwenye gari la farasi. Jonathan Harker, Mwingereza aliyewahi kuwa mgeni kwenye ngome yake, anamwona, nusura azirai, na kinachomtisha zaidi ni kwamba mzee yule amekuwa kijana. Jua halimfanyi chochote Dracula. Linampunguzia uwezo tu: mchana hawezi kujigeuza umbo, isipokuwa saa sita kamili, au wakati jua linachomoza au kuzama. Na hafi kwa jua. Anakufa jioni, jua linapozama, kwa visu viwili: cha Harker kinampita shingoni na cha Mmarekani Quincey Morris kinaingia moyoni. Hata kigingi cha mti hakuchomwa. Kigingi kilimpata Lucy maskini, msichana aliyeumwa akawa vampaya, sura nyingi kabla.

Alizisoma kurasa za mwisho kwenye simu, akanirudia amenuna. "Huyu mwandishi," akasema, "hajui vampaya."

Waliotangulia walikuwa na nuru nyingine kabisa. John Polidori, daktari wa mshairi Lord Byron, alitoa hadithi yake mwaka 1819, na gazeti likaichapisha kwa jina la Byron ili iuzike. Bwana wake mnyonya damu, Lord Ruthven, anakufa, lakini akilazwa kwenye mwanga wa mwezi anaamka. Varney, vampaya mwingine, aliyeuzwa London kwa vijitabu vya senti kati ya mwaka 1845 na 1847, naye alikuwa hivyo hivyo: mwezi ni dawa yake. Vijitabu viliendelea, kifo baada ya kifo, mwezi baada ya mwezi, hadi Varney mwenyewe alichoka akajitupa ndani ya volkano ya Vesuvius. Nafikiri hata mwandishi alikuwa amechoka.

Jua linaloua lilikuja na filamu. Mwaka 1922 kampuni ya Kijerumani ya Prana-Film ilitoa Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau. Hadithi ilikuwa ya Stoker, lakini mjane wake, Florence, hakuombwa ruhusa wala kulipwa. Wakabadilisha majina: Dracula akawa Orlok, London ikawa mji wa Kijerumani. Na mwisho nao wakaubadilisha. Mwanamke mmoja anakubali kumshikilia yule mnyonya damu kitandani kwake usiku kucha, jogoo anawika, mwanga unaingia dirishani, Orlok anashika kifua na kuwa moshi. Florence Stoker alikwenda mahakamani. Mwaka 1925 ikaamriwa nakala zote ziteketezwe, na kampuni yenyewe ilikuwa imeshafilisika, hata fidia ya maana hakupata. Lakini kanda zilikuwa zimeshavuka mipaka, kama kanda zinavyovuka, na zikapona. Yule anayeungua juani akapona nazo.

Nilimweleza mpwa wangu kwamba sheria anayoitetea kwa jasho inatoka kwenye filamu ambayo mahakama iliamuru ichomwe. Akafikiri kidogo. "Basi waliiba wakaiboresha."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Tena mambo mengi tunayoyaona ya kale kuhusu vampaya ni ya kikazi tu. Ile kola ndefu iliyosimama nyuma ya kichwa, kwa mfano, ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Hamilton Deane, Uingereza, mwaka 1924. Mwigizaji alitakiwa atoweke mbele ya watazamaji, kwa hiyo anawapa mgongo, kola inafunika kichwa, anateremka kwenye tundu la sakafuni, na wenzake wanabaki wameshika vazi tupu. Tundu la sakafuni halipo tena, kola ipo kwenye kila nguo ya Halloween duniani. Na Bela Lugosi, aliyemwigiza Dracula kwenye filamu ya mwaka 1931, ambaye sura yake ndiyo picha ya vampaya kwa watu wengi, filamu nzima haonyeshi jino refu hata moja.

Nikitaka kumkasirisha mpwa wangu kabisa, namsimulia habari za Petar Blagojević, kwa sababu huyu alikuwa mtu kweli. Alikufa mwaka 1725 kijijini Kisiljevo, Serbia, wakati eneo hilo liko chini ya Austria. Kiasi cha wiki kumi baadaye, watu 9 wa kijiji kile walikufa ndani ya siku 8, na kabla ya kukata roho walisema Petar aliwajia usingizini akawakaba. Mkewe alisema alimjia nyumbani akamdai viatu vyake. Viatu! Ametoka kaburini, dunia yote iko mbele yake, na la kwanza ni kumuuliza mke viatu viko wapi. Mama yule alihama kijiji. Ofisa wa Austria aliyeitwa Frombald aliitwa ashuhudie kaburi likifukuliwa, na akaandika kwamba mwili haukuwa umeoza kama ilivyotarajiwa, ndevu na kucha zilionekana zimeota upya, na mdomoni kulikuwa na damu. Wanakijiji wakamchoma kigingi moyoni kisha wakamteketeza. Ripoti ikachapishwa gazetini Vienna.

Leo wataalamu wanaeleza walichokiona. Gesi huvimbisha maiti, ngozi husinyaa na kucha zikaonekana zimerefuka, maji meusi hutoka mdomoni. Vampaya wa vijijini kule Balkani hakuwa bwana mrefu mweupe kama chokaa mwenye koti jeusi. Alikuwa mkulima aliyevimba, uso mwekundu. Dawa zake zilikuwa za kijijini pia: mti wa kuchonga, moto, na mbegu. Unamwaga mbegu ndogondogo kama mtama njiani au kaburini, naye analazimika kuziokota au kuzihesabu moja moja mpaka kupambazuke. Kisiwani Trinidad, kwenye vijiji vya watu waliotoka vizazi vya watumwa wa Kiafrika, kuna bibi mnyonya damu aitwaye soucouyant, anayevua ngozi yake usiku na kuruka kama mpira wa moto, na yeye pia ukimmwagia mchele mlangoni lazima auhesabu. Sijui kwa nini sharti hili halikupata filamu kubwa. Nadhani ni kwa sababu linamfanya muuaji aonekane kama karani.

Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa wa Austria alimtegemea daktari wake, Gerard van Swieten, aliyeandika kwamba hayo yote ni ushirikina, na malkia akapiga marufuku watu kufukua na kuchoma maiti kiholela. Serikali ikawanyang'anya wanakijiji dawa yao, na vampaya akahamia kwenye vitabu, ambako alipata elimu, cheo na nguo nzuri.

Msalaba ni kesi nyingine. Mama yake mpwa wangu, yaani dada yangu, alikuwa jikoni akitusikia, akauliza kutoka huko huko: "Na huyo akija Tanga, msalaba utamsaidia nini mtoto wa Hamisi?" Swali hilo limewahangaisha waandishi kuliko anavyodhani. Stoker mwenyewe alilijua: mwanzoni mwa kitabu mwanamke mmoja anamvisha Harker rozari shingoni, na Harker, Mwanglikana, anaona haya kwa sababu amefundishwa kuwa vitu vile ni kama kuabudu sanamu. Anaivaa. Baadaye anashukuru aliivaa. Richard Matheson, katika riwaya yake ya mwaka 1954, alisema msalaba unamtisha vampaya aliyekuwa Mkristo tu. Jirani Myahudi wa mhusika wake anaogopa Torati. Roman Polanski aliligeuza kichekesho kwenye filamu yake ya mwaka 1967: vampaya Myahudi anaonyeshwa msalaba akacheka. Na Waturuki, walipotengeneza Dracula wao wa Istanbul mwaka 1953, waliuondoa msalaba moja kwa moja wakabakisha vitunguu saumu. Kisha Anne Rice akaja mwaka 1976 akasafisha meza yote. Vampaya wake, Louis, anamwambia mwandishi anayemhoji kwamba misalaba haimtishi, tena anapenda kuitazama.

Dada yangu alisikiliza yote hayo akasema, "Sisi tuna Ayatul Kursi," akaendelea kukuna nazi.

Mwandishi niliyempenda kuliko wote ni Octavia Butler, Mmarekani mweusi, ambaye riwaya yake ya mwisho, Fledgling, ilitoka mwaka 2005. Wanyonya damu wake, Ina, si wafu. Ni jamii ya viumbe wanaoishi sambamba na binadamu, wanazaliwa, wanazeeka polepole. Jua linawaunguza kwa sababu ni weupe mno. Mhusika mkuu, Shori, amezaliwa kwa kuchanganywa na mbegu za watu weusi, na ngozi yake nyeusi inamwezesha kuamka na kutembea mchana. Wenzake wengine wanamchukia kwa hilo hilo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Miaka mia moja watu wanaandika kuhusu jua na vampaya, na ni wachache waliofikiria kuuliza vampaya huyo ana rangi gani. Kweli, Blacula ya mwaka 1972 ilikuwa na mwanamfalme wa Kiafrika, Mamuwalde, aliyekwenda kwa Dracula mwaka 1780 kumwomba asaidie kukomesha biashara ya watumwa, akaishia kuumwa na kufungiwa jenezani. Lakini jua lilimuua kama lilivyomuua yeyote.

Nilimtajia mpwa wangu pia wale wa riwaya ya Twilight ya Stephenie Meyer, ya mwaka 2005 huo huo, wanaoishi kwenye mji wa mawingu mengi si kwa sababu jua linawaua bali kwa sababu linawafanya wang'ae kama almasi. Aliinua kiganja kunizuia. "Anko, tafadhali. Wale ni vito."

Nimesema kuna jambo lilinikosesha usingizi. Ni bibi yangu.

Bibi hakujua vampaya. Alijua mumiani. Vampaya walikuwa wa kwenye kibanda. Ukishalipa, ukishatoka, wamekwisha. Mumiani alikuwa wa barabarani kwetu. Neno lenyewe limesafiri: kwa Waajemi lilikuwa jina la kitu cheusi kama lami kinachotumika kama dawa ya mifupa iliyovunjika, na kutoka shina hilo hilo Wazungu walipata jina la zile maiti zilizokaushwa za Misri. Na Wazungu, kwa karne kadhaa, walizisaga maiti hizo wakaziuza kwenye maduka ya dawa na kuzinywa. Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi kama gundi, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na uvumi ukitoka kwamba inatafutwa, watu mjini wanajifungia ndani jua likizama. Baadaye neno likaacha kuwa dawa, likawa yule anayeitafuta.

Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi haya Kenya, Uganda na kwingineko akayachapisha mwaka 2000. Nairobi wanyonya damu waliitwa wazimamoto, Kampala bazimamoto. Katanga, Kongo, waliitwa batumbula, Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, banyama. Watu walisimulia magari, mashimo yaliyofichwa ndani ya majengo, ndoo, watu wenye sare, Waafrika walioajiriwa kuwakamata wenzao kwa niaba ya Wazungu. Hakuna aliyetoka kaburini. Wote walikuwa hai na walikuwa kazini, wanalipwa mshahara.

Nikakaa nikajaribu kukumbuka Bibi alitufundisha nini cha kumzuia mumiani. Kitunguu saumu? Hapana, hicho cha pilau. Mchele? Kubana pumzi? Sikukumbuka kitu. Nilichokumbuka ni haya: Magharibi ikikukuta nje utanitambua. Usipande gari la mtu usiyemjua. Usipokee pipi. Usipite njia ya nyuma ya maghala. Mtu akikuita jina lako na humjui, usiitike. Masharti yalikuwa mengi, na yote yalikuwa yangu mimi. Mumiani hakuwekewa hata moja. Hahitaji karibu, maana haji nyumbani; anangoja barabarani, na barabara si yako. Jua halimchomi, yuko kazini tangu asubuhi. Msalaba anaweza kuwa nao shingoni mwenyewe. Na huwezi kumfukua umchome kigingi, kwa sababu hujui jina lake wala alikozikwa baba yake, wakati wanakijiji wa Kisiljevo walimjua Petar mpaka viatu vyake.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote usiku mmoja umeme umekatika. Hakubisha, jambo ambalo kwa kawaida linanitia wasiwasi. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mlikuwa mnakaa ndani?"

"Tulikuwa tunakaa ndani."

"Kila siku?"

"Uvumi ukiwapo."

"Hiyo haifai, Anko. Lazima awe na kitu."

Wiki iliyofuata alinitumia hadithi aliyoiandika kwenye simu, haina nukta wala herufi kubwa, imejaa picha za moto na mafuvu. Mumiani wake anaendesha gari jekundu na ana sare na kofia. Wahanga wanabana pumzi, hawaponi. Mwingine anatoa msalaba, mwingine anasoma dua, mumiani anawasubiri wamalize, kwa adabu, kisha anaendelea na kazi. Nikadhani basi, kanifuata mimi. Halafu ukurasa wa nne binti mmoja aliyekamatwa anagundua kwamba kabla ya kuchukua damu, mumiani anajaza fomu. Jina, umri, kijiji, kiasi. Na lazima agonge muhuri. Bila muhuri sindano haiingii, inapinda. Binti anauficha muhuri ndani ya khanga, na mumiani anaanza kuutafuta gari zima, anatokwa jasho, anazidi kukonda, anamwomba binti kwa heshima zote amsaidie kuutafuta, mpaka jioni amebaki sare tupu kwenye kiti cha dereva.

Nilimpigia simu saa hiyo hiyo.

"Na akienda kuchonga muhuri mwingine mjini?" nikamuuliza.

"Hiyo ni sehemu ya pili," akasema. "Usiniharibie."

Nyuma yake nilimsikia dada yangu akimwambia aache simu akaoshe vyombo.